Ufa Usioonekana: Kisa cha Buti Lililovuja Bondo

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii hufundishwa tangu shule ya msingi, na ni nadra kumpata mwanafunzi wa Kiswahili asiyeweza kuieleza maana yake. Hata hivyo, methali yenyewe inachukulia kwamba mwenye nyumba anauona ufa, na kwamba kosa lake ni uvivu tu. Haisemi lolote juu ya ufa usioonekana, ule ambao maji yake hujitokeza upande wa kulia ilhali wenyewe umejificha upande wa kushoto. Dereva mmoja wa teksi za abiria mjini Bondo aliijua tofauti hiyo kwa gharama katika masika ya mwaka 2024, mvua zilipoleta mafuriko katika sehemu nyingi za Kenya. Gharama yenyewe haikuwa ya fedha peke yake.

Bondo ni mji wa Kaunti ya Siaya, ulio kwenye barabara itokayo Kisian, karibu na Kisumu, na kuteremka hadi Usenge kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria. Ni mji wa soko, wa samaki na wa wasomi, kwani ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Jaramogi Oginga Odinga, kilichopewa hati ya kujitegemea mwaka 2013. Watu wa eneo hili wamesafiri kwa magari mengi. Wazee bado wanaikumbuka Pijo 504, gari ambalo lilishinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 na ambalo lilipobeba abiria lilisifiwa kwa kuvumilia barabara za vumbi. Baadaye yakaja magari ya Kijapani yaliyokwisha kutumika, Probox ikiwa miongoni mwao, gari ambalo lilianza kuundwa mwaka 2002. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa kwa gari lililozidi umri wa miaka 8. Lakini hakuna kanuni inayolizuia gari kuzeeka likishavuka bandari ya Mombasa, na mengi huzeekea katika steji kama ile ya Bondo.

Katika magari hayo, hakuna sehemu inayofanya kazi ngumu kuliko buti. Neno lenyewe ni la mkopo kutoka Kiingereza, na Kiswahili hulitumia kwa kiatu kizito na kwa sehemu ya nyuma ya gari vilevile. Labda si vibaya, maana vyote viwili hukanyaga matope na vyote viwili huhesabiwa kuwa havina hisia. Ndani ya buti hutiwa magunia ya omena, mabeseni ya mbuta, sanduku la mwanafunzi anayefungua chuo, godoro la bibi harusi na kuku wa matanga. Mara nyingine, kinyume cha sheria, hutiwa hata watu. Abiria hukumbuka kiti alichokalia na dereva hukumbuka usukani wake. Buti hukumbukwa tu siku linaponuka.

Dereva wa kisa hiki alikuwa na stesheni wagoni ya Kijapani ambayo yeye alikuwa mmiliki wake wa tatu. Alilinunua kwa mkopo wa chama na kwa fedha za shamba, na mkopo huo ulikuwa haujakwisha. Asubuhi moja ya mwezi wa Aprili alifungua buti ili atoe jeki, akainua zulia, akalikuta gurudumu la akiba limesimama katika maji yaliyofika kwenye kifundo cha mkono. Jeki ilikuwa imeshika kutu. Zulia lilikuwa zito kama nguo iliyosahaulika ndani ya karai, na chini yake kuvu lilikuwa limeanza kuchora ramani zake za kijani.

Alifanya ambalo lingefanywa na wengi. Aliyachota maji kwa kikombe, akapangusa kwa tambara, akatazama mahali palipokuwa na maji mengi zaidi, yaani pembe ya kulia, akahukumu kwamba mpira wa mlango wa nyuma umechakaa. Alinunua mpira mpya kwa shilingi 3,500. Baada ya juma moja maji yalirudi. Akanunua silikoni, akaipaka kuizunguka pembe yote ya kulia na ukingo wa kioo, kwa unene wa kidole. Maji yakarudi tena. Hapo ndipo mawazo yake yalipoliacha gari na kumwelekea mtu.

Kulikuwa na mama mmoja mchuuzi wa samaki aliyesafiri naye karibu kila alfajiri. Huyu alinunua mbuta Usenge, akawapanga pamoja na barafu katika beseni kubwa, akalifunika kwa turubai, kisha akaliweka ndani ya buti hadi soko la Bondo. Alikuwa akilipa nauli yake na nauli ya beseni bila kubishana. Dereva alianza kuhesabu. Kila siku ya maji ilikuwa siku ya samaki. Barafu huyeyuka. Samaki hutoa maji. Je, ni ushahidi gani mwingine uliohitajika?

"Mama," alimwambia asubuhi moja mbele ya abiria wengine, "samaki wako wanaliozesha gari langu. Sitakubeba tena."

Mama yule alimtazama kwa muda. Kisha akasema, "Wuoda, beseni langu halina tundu. Lijaze maji hapa hapa, ulitazame mpaka tufike Bondo. Likivuja tone moja, mimi mwenyewe nitateremka."

Mwenye kumwita mtu "mwanangu" kwa Kidholuo katikati ya tuhuma alikuwa bado anamwachia mlango. Tena alikuwa amependekeza jaribio, na jaribio lenyewe lilikuwa la busara: rahisi, la wazi, mbele ya mashahidi. Dereva hakulikubali. Alifunga buti, akaondoka.

Siku nne zilizofuata buti lilikuwa kavu. Dereva alifurahi mno, akawasimulia wenzake stejini jinsi alivyougundua ugonjwa wa gari lake. Habari za steji husafiri kwa kasi kuliko magari yake. Kabla ya mwisho wa juma, madereva wengine watatu walikuwa wamekataa kumbeba mama yule, na mmoja alianza kuwakagua wachuuzi wote wa samaki kana kwamba ni watuhumiwa. Mama alianza kupanda bodaboda, akilipa karibu mara mbili, huku beseni limefungwa nyuma kwa mipira na samaki wakipigwa na jua la saa mbili.

Jambo ambalo dereva hakulitia katika hesabu yake ni kwamba katika siku zile nne mvua haikunyesha. Usiku wa tano ilinyesha, mvua ya ziwani inayokuja na radi na upepo na kuondoka kabla ya mapambazuko. Asubuhi alifungua buti. Hakukuwa na samaki aliyelipanda gari lile tangu siku tano. Maji yalikuwepo.

Hapa ndipo penye kiini cha kisa hiki. Dereva alijua asubuhi ile, kwa yakini isiyo na shaka, kwamba mama mchuuzi hakuwa na hatia. Hakujua bado ufa ulipo, lakini alijua mahali ambapo haupo. Maji yale hayakuwa na magamba wala harufu ya samaki. Yalikuwa safi kama maji ya paa la mabati. Na bado, kwa muda wa majuma mawili, hakusema neno. Alikuwa ameshasema mengi mno. Kila alfajiri aliamka kabla ya majirani, akachota maji yake kwa kikombe gizani, akayamwaga nyuma ya choo, akatandaza magazeti makavu chini ya zulia, akaenda stejini na kucheka na wenzake. Buti lilikuwa likivuja, na yeye alikuwa akililinda lisijulikane kuwa linavuja.

Kilichoivunja siri hiyo ni abiria. Jioni moja ya mvua, vioo vyote vikiwa vimefungwa, mwanafunzi aliyeketi kiti cha nyuma kutoka Ndori kwenda Kisumu aliumwa kichwa, akapata kichefuchefu, ikabidi gari lisimamishwe ateremke apate hewa. Hakuwa wa kwanza kulalamika. Wengine waliomtangulia walikuwa wamesema kwamba nyuma ya gari lile kuna hewa nzito, na dereva alikuwa amewajibu kuwa ni harufu ya samaki. Jioni ile hakuwa na samaki wa kusingizia. Siku iliyofuata hakwenda stejini. Alilipeleka gari Usenge kwa mjomba wake.

Mjomba yule hakuwa fundi wa magari. Alikuwa mzee aliyetumia umri wake wote kuunda na kutengeneza mashua za mbao. Mpwa alikwenda kwake kwa aibu zaidi kuliko kwa matumaini, kwa kuwa fundi mmoja wa gereji alikuwa amemshauri atoboe tundu sakafuni mwa buti ili maji yajitokee yenyewe, naye alitaka kusikia kauli ya mtu mwingine kabla ya kulitoboa gari ambalo bado lilikuwa na deni.

"Mjomba, nimeziba kila mahali," alisema.

"Umeziba mahali ulipoyaona maji," mzee akajibu. "Maji yakionekana yamekwisha kufika. Wewe hujayaona yakiondoka kwao."

Kuhusu tundu la sakafuni alikuwa mkali zaidi. Alilala chini, akachungulia nyuma ya gari, akaonyesha masizi meusi karibu na mahali ambapo nyaya huingia ndani. Gari linapokwenda kasi, hewa iliyo nyuma yake huwa na msukumo mdogo, na moshi wa injini huzungukazunguka hapo. Tundu lolote lililo nyuma hugeuka mdomo wa kuuvuta moshi huo ndani, hasa vioo vikiwa vimefungwa. Ndani ya moshi mna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huzuia damu kubeba oksijeni na ambayo huanza kwa kuumiza kichwa na kuweza kumalizia kwa mauti. Basi mahali ambapo maji hupenya, moshi nao huweza kupenya. Maji yana hisani ya kujionyesha, moshi hauna.

Kazi ilianza kwa kuondoa. Waliondoa zulia, gurudumu, jeki na plastiki za ubavuni, hata buti likabaki bati tupu. Kisha wakaliacha wazi juani hadi alasiri, kwa maana hakuna awezaye kuona maji mapya juu ya maji ya zamani. Gundi yote ya silikoni iliyopakwa hovyo ilikwanguliwa. Dereva alipouliza kwa nini wasiiache, mzee alimwambia kwamba ziba iliyokosewa huwa mbaya kuliko tundu, kwani huyazuia maji yaliyokwisha kuingia yasitoke na humfanya mtu aamini kwamba pale pamemalizika.

Kisha wakaupima mpira wa mlango. Mzee alichana kipande cha gazeti, akakiweka ukingoni, mlango ukafungwa juu yake, akakivuta. Kikitoka kirahisi, mpira haubani. Kikikataa au kikichanika, unabana. Alirudia hivyo kila shubiri, kuuzunguka mlango mzima. Kila mahali karatasi ilikataa kutoka. Mpira wa shilingi 3,500 ulikuwa mzima, na huenda hata ule wa zamani uliotupwa haukuwa na kosa.

Hatimaye wakanyunyiza poda ya watoto juu ya bati lote la ndani, kwenye kuta, kwenye mishono na kwenye shimo la gurudumu, mpaka buti likawa jeupe. Dereva akaingia ndani na tochi, akajikunja kama mtoto tumboni, mlango ukafungwa. Mzee alibaki nje na debe alilolitoboa matundu madogo kwa msumari, akiwa na mitungi ya maji kando yake.

"Kwa mashua," alisema kupitia kioo, "sisi huivuta nchi kavu, tukaijaza maji ndani, tukatazama yanapotonea nje. Gari ni mashua iliyogeuzwa. Maji yatatoka kwangu, wewe utazame ndani."

Alianza chini, si juu. Anayeanza kumwagia paa huyaacha maji yateremke kila mahali kwa pamoja, asijue ni wapi yalikoingilia. Alimwagia usawa wa bampa kwa dakika kadhaa. Poda ikabaki kavu. Akapanda hadi kwenye taa ya kulia, karibu na pembe ile iliyokuwa ikilaumiwa siku zote. Kavu. Akahamia taa ya kushoto, akamwaga, akamwaga tena, dereva akaanza kuchoka shingo. Baada ya dakika kama saba alipiga kelele.

Mstari mwembamba kama uzi ulikuwa umetokea katika poda, nyuma ya taa ya kushoto. Haukudondoka. Ulishuka ukilishika bati, ukaufikia mshono ulio chini ya mlango, ukaingia katika mfereji wa bati unaokwenda toka ubavu mmoja hadi mwingine, ukalivuka gari zima kimyakimya, kisha ukatona, tone moja baada ya jingine, ndani ya shimo la gurudumu kwenye pembe ya kulia. Nyumbani kwake dereva aliliegesha gari kila usiku mahali penye mteremko wa kulia. Maji hufuata mteremko. Hayana sababu ya kumngojea mtu mahali yalipoingilia.

Kiswahili kina hazina ya kueleza jambo lile kuliko pengine msomaji anavyodhani. Maji huvuja, hutona, hupenya, huchuruzika, hutiririka na hububujika, na kila kitenzi kina kasi yake na njia yake. Mabaharia wa pwani walikuwa na ngama, yaani sehemu ya chini ndani ya chombo ambamo maji yaliyopenya hukusanyika, na walikuwa na kalafati, yaani pamba isindikwayo katika nafasi za mbao ili chombo kisivuje. Dereva aliyasema yote hayo kwa neno moja tu, "inavuja", na kwa kuwa alikuwa na neno moja, alikuwa na dhana moja: kwamba yanapoonekana ndipo yanapoingilia. Mzee wa mashua alijua kwamba ngama si tundu. Shimo la gurudumu lilikuwa ngama ya gari lile, na mpwa wake alikuwa ameizingira ngama kwa gundi.

Walipoifungua taa ya kushoto, ufa ulisimulia historia yake. Mpira mwembamba unaokaa kati ya taa na bati ulikuwa umekauka, umekuwa mgumu kama ganda, tena umepasuka upande wa juu. Bati lililo nyuma yake lilikuwa limeingia ndani kidogo, alama ya kugongwa siku nyingi kabla gari halijafika Bondo. Aliyelinyoosha alilipaka rangi likapendeza, akairudisha taa juu ya mpira uleule. Kwa hiyo taa haikukaa sawasawa. Kulikuwa na nafasi isiyozidi unene wa kadi ya simu, na kwa mvua za ziwani nafasi hiyo inatosha. Juu ya hayo, kizibo kidogo cha mpira kilichopaswa kuzishika nyaya karibu na bampa kilikuwa hakipo. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya masizi. Walikuwa wamekuja na swali moja; gari likawapa majibu mawili.

Kuziba hakukuchukua muda kama kutafuta. Bati lilinyooshwa taratibu kwa nyundo ya mbao. Kutu iliondolewa kwa msasa hadi chuma kikang'aa, likapakwa rangi ya kwanza na ya pili, likaachwa likauke. Mpira mpya wa taa ulitafutwa kwa wauza vipuri wa Kisumu pamoja na kizibo cha nyaya. Mshono uliopasuka ulijazwa gundi laini ya mishono ya magari. Silikoni ya kawaida, ile inayonuka kama siki, haikutumiwa tena, kwa kuwa asidi yake hukila chuma kilicho uchi, na kinachoonekana kuwa dawa huzaa kutu mpya. Skrubu za taa zilikazwa moja kidogo, nyingine kidogo, kwa zamu, ili mpira ubanwe sawasawa na plastiki isipasuke. Kisha, na hapa ndipo mafundi wengi wanapokata tamaa, jaribio lote likarudiwa tangu mwanzo: poda, tochi, debe, chini hadi juu. Ufa mmoja ukizibwa si ushahidi kwamba hakuna mwingine. Safari hii poda ilibaki nyeupe. Gari likapelekwa tena kwa fundi wa bomba la moshi, na kiungo kilichokuwa kikipumua kikachomelewa, kwani kuziba njia ya moshi bila kuutazama moshi wenyewe ni kufanya kazi nusu.

Mzee alipokuwa akinawa mikono aliuliza, "Na yule mama wa samaki?"

Dereva hakuwa amemtaja. Lakini Usenge ni pwani ndogo, na mama yule alikuwa akinunua samaki wake hatua chache kutoka pale mashua zinapovutwa. Mzee alikuwa amekwisha kusikia kisa upande wa pili kabla mpwa wake hajafika.

Dereva alimkuta sokoni Bondo siku ya pili, akiwafukuza nzi kwa tawi. Alisimama mbele ya meza yake kama mteja asiyejua bei.

"Mama, yale maji hayakuwa yako."

"Nilikuambia," mama alisema bila kuinua uso.

"Yalikuwa yanaingilia taa. Nimeyaona kwa macho yangu. Nisamehe. Nitakubeba wewe na beseni lako bila nauli mpaka mwisho wa mwezi."

Mama aliiweka chini ile tawi. "Wuoda, mimi sikushindwa kulipa nauli. Nililipa yako, kisha nikalipa ya bodaboda. Usinibebe bure, watu watasema kweli nilikuwa na deni. Nibebe kwa nauli ileile. Lakini yale maneno uliyoyasema stejini, uliyasema ukiwa umesimama. Nenda ukasimame pale pale, uyaseme haya."

Huo ulikuwa mzigo mzito kuliko mafuta ya mwezi mzima. Dereva alikwenda. Saa moja asubuhi, magari yakiwa yamepanga foleni na makanga wakiita abiria wa Kisumu, aliwaeleza wenzake kuhusu taa, mpira uliopasuka, mfereji wa bati na mteremko wa kwake. Walimcheka, kama alivyotarajia. Mmoja alimwita profesa wa maji, na jina hilo huenda likamzikia. Alipofika kwenye sehemu ya majuma mawili, yale aliyojua na kunyamaza, kicheko kilipungua. Dereva mmoja, miongoni mwa wale watatu waliomkataa mama, aliuliza kwa sauti ya chini jinsi ya kulipima buti kwa kipande cha gazeti.

Katika taaluma ya fasihi hutukuzwa msomi anayefuata athari hadi kwenye chanzo chake. Hata hivyo, ni rahisi kwa mhakiki, kama ilivyokuwa kwa dereva, kuiona doa pembeni ya kulia na kumtafutia mtu wa karibu wa kulibeba: lugha jirani iliyoiharibu lugha, kijana asiyesoma, mwalimu asiyefundisha. Pengine kweli ndiye. Lakini yafaa kwanza zulia liinuliwe, silikoni ya hukumu za jana ikwanguliwe, na yule anayetuhumiwa akisema "lijaze beseni langu maji ulitazame", beseni lijazwe. Jaribio lile la mama lingechukua mwendo wa Usenge hadi Bondo tu. Kulikataa kulichukua msimu mzima.

Mvua za vuli za mwaka ule zilipoanza, dereva alikuwa na desturi mpya. Kila baada ya mvua ya usiku alifungua buti, akainua zulia, akapeleka kiganja chake hadi chini ya gurudumu la akiba, kisha akakitazama katika mwanga wa asubuhi. Kilitoka kikavu. Baadaye aliteremka Usenge, akaegesha karibu na mashua, akashuka mwenyewe kulipakia beseni la kwanza.